Kiti na Mwenye Kukikalia

(Hotuba katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika)



Nimeombwa kusema machache juu ya uongozi na tabia ya mwanadamu. Mchungaji akiahidi kusema machache, waumini hutazama saa zao. Hiyo nayo ni tabia ya mwanadamu.

Mtu akichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, mwezi wa kwanza huketi ukingoni mwa benchi kama mgeni. Mwezi wa pili huegemea. Mwaka ukipita, mtoto wa watu akiketi pale kwa bahati mbaya, ibada nzima itajua kwamba mahali pale pana mwenyewe. Vivyo hivyo aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo. Mwanzoni hutufungulia kabla hatujaomba. Baadaye twabisha hodi mara tatu kuomba ndoo ya kanisa, naye huitoa kana kwamba ni urithi wa babu yake.

Lakini tusiwacheke wapenda viti peke yao. Katika Waamuzi, sura ya 9, Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kwa ajili ya mafuta yake, mtini kwa ajili ya utamu wake, mzabibu kwa ajili ya divai yake. Ndipo mti wa miiba ukakubali, ukaialika miti yote kivulini mwake. Ni nani amepata kupumzika kivulini mwa miiba? Sisi huulaumu mwiba, tukausahau mzeituni. Kila uchaguzi wa wazee ukifika, naisikia mizeituni yetu: “Mchungaji, nina biashara. Mchungaji, nina mifugo.” Baada ya miezi sita hao hao huja kunionyesha walipochomwa.

Ndugu zangu, anayeking’ang’ania kiti na anayekikimbia ni watoto wa tumbo moja. Wote wawili wamejiuliza, “Mimi nitapata nini?” Mmoja ameona faida, mwingine ameona hasara. Hakuna aliyeuliza habari za miti mingine.

Basi kiongozi tumpime kwa nini? Nadhani tumtazame siku anapoinuka. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Desemba mwaka ule ule alirudi akiwa Rais. Na mwaka 1985 aliinuka tena, pasipo kusukumwa na mtutu wa bunduki. Juu ya siasa zake Watanzania hubishana hata leo. Juu ya kuinuka kwake ubishi ni mdogo.

Kanisa letu nalo lina ushuhuda wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Leipzig waliondolewa Kilimanjaro. Walimu wenyeji, ambao hawakuwa wachungaji, waliendelea kufundisha na kuongoza ibada. Na wamisionari wale walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1920, walikuta kanisa li hai. Sifa ya kwanza ni ya Mungu, ya pili ni ya walimu wale. Lakini tuwakumbuke pia waliowafundisha walimu hao kabla ya kujua kwamba wangeondoka.

Hapo ndipo penye swali la karne yetu ya pili. Zipo kwaya ambazo mwalimu akiugua malaria, nyimbo nazo hulazwa. Yupo mweka hazina mwaminifu ambaye hesabu zote zimo kichwani mwake. Uaminifu wake watufurahisha, ila kichwa kile hakitakaa duniani milele. Nasi wachungaji tusijifiche nyuma ya joho: wengi wetu twapenda kusikia kwamba tukihamishwa usharika utalia. Heri usharika unaolia siku moja, kisha Jumapili ukafungua milango kwa saa yake.

Kwa hiyo nawaombeni mambo mawili. Kila mwenye ufunguo leo na amfundishe mwenzake kazi yake, mwaka huu, angali na nguvu. Na kila mzeituni utakaoitwa na ukubali. Mafuta yake hayatapungua kwa kuitumikia miti mingine. Kwani yalikuwa ya nani tangu mwanzo?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.