Joto Linapochelewa Kufika Moyoni mwa Gogo

Ninyi wenye mashine za kumenya magogo mliosafiri kutoka Mafinga: sikuja na picha za kuonyesha ukutani. Nina vipande viwili vya vinia (utepe mwembamba wa mbao) ya mlingoti, vimemenywa siku moja, kwa kisu kimoja. Hiki cha kwanza nakikunja kinyume na mviringo wake. Mmesikia? Mlio huo wa kukatikakatika ni nyufa zinazofunguka upande ule uliolalia kisu. Cha pili nakikunja vivyo hivyo. Kimya.

Kwa nyufa hizi wengi huwatupia lawama watu wa kukausha. Ukweli ni kwamba huzaliwa palepale kisu kinapopita. Utepe uliokuwa umeviringana na gogo hulazimishwa ghafla kunyooka juu ya kisu. Upande wa ndani huvutwa, na mbao ikiwa ngumu hupasuka. Chuma cha kukandamizia kilicho mbele ya kisu hupunguza madhara, hakiyamalizi. Baadaye gundi hunywewa na nyufa hizo, na rangi juu ya plaiwudi huanza kuchanika.

Dawa yake, na siri ya kile kipande kilichonyamaza, ni joto, lakini joto lenye maji. Nyuzi za mti zimeshikamanishwa na lignini, na lignini iliyolowa hulainika kwenye nyuzijoto kati ya 60 na 90 hivi. Gogo lililokaukia uwanjani wiki tatu halipati faida hiyo hata ulichemshe vipi juujuu. Wafini huloweka magogo ya mti wao wa betula katika mabwawa ya maji ya uvuguvugu. Wakati wa baridi kali mabwawa hayohayo huyeyusha barafu iliyomo ndani ya mti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Muda wa kupasha gogo hauongezeki sambamba na unene wake, bali kwa mraba wake. Gogo la sentimita 40 linahitaji muda mara nne ya lile la sentimita 20. Na kadiri mashine inavyomenya kuelekea katikati, mviringo unazidi kubana, kwa hiyo utepe hulazimika kunyooka kwa nguvu zaidi. Yaani moyo wa gogo, unaohitaji joto kuliko sehemu nyingine yoyote, ndio wa mwisho kulipata. Viwanda vyetu vidogo humenya mpaka kinabaki kijiti kama mpini wa jembe, tena mti wenyewe ni mchanga, kwa hiyo suala hili kwetu ni la kila siku.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja, sitakitaja. Fundi alikuwa ameshanoa kisu mara mbili asubuhi ile, amekasirika, na vinia ya mwisho wa kila gogo bado ilikuwa ovyo. Niligusa gogo lililotoka kwenye tangi: linaunguza. Nikashika kijiti kilichobaki baada ya kumenya: baridi kama jiwe la mtoni. Kisu hakikuwa na kosa lolote.

Msitoke hapa mkidhani tuzidishe moto. Gogo lililopikwa kupita kiasi hutoa vinia yenye manyoya, na mashine zinazolishika katikati hulitoboa zikaanza kuzunguka bure. Joto huvitanua pia kisu na chuma cha kukandamizia, ulichopanga asubuhi kikawa kimehama saa nne. Mlingoti una tabu yake ya pekee: tangu ukiwa umesimama una mikazo ndani, na ukiupasha haraka hupasuka miishoni. Kwa mti huo napendelea maji yanayopanda joto polepole kuliko mvuke wa ghafla, ingawa najua kuni na muda ni fedha.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi. Vile vijiti mnavyovichoma kwenye tanuri, chukueni kimoja kingali kibichi kutoka mashineni, mkitoboe katikati, mtumbukize kipimajoto. Fanyeni hivyo kabla ya kumwita fundi wa kunoa.