Nyota Iliyo Chini ya Upeo

(Hotuba iliyotolewa jioni ya maadhimisho ya hekalu letu, Musoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya nyota. Naomba nianze na jambo la nyumbani. Katika arusi zetu panditi huwaelekeza bwana na bibi arusi waitazame Dhruva, nyota isiyohama, wajifunze uthabiti. Mimi na mke wangu tulisimama hapa Musoma, tukatazama kaskazini, tukaitikia kwamba tumeiona. Hatukuiona. Mji wetu uko kusini ya ikweta kwa digrii moja na nusu hivi, na Dhruva imejificha chini ya upeo. Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Gujarat waliiacha nyuma nyota hiyo, ila ibada wakaja nayo. Kwa miaka mingi nilijiuliza: je, tulianza ndoa yetu kwa uongo?

Jibu nimelipata kwa kujifunza njia za nuru. Jioni, jua linapoonekana kugusa maji ya Ziwa Victoria, kwa hakika limekwisha kuzama. Hewa huipinda miale yake, nasi tunaliona jua lililo chini ya upeo. Kupinda huko ni kudogo mno kutuinulia Dhruva, lakini kunatufundisha kwamba nuru haifuati daima njia iliyonyooka.

Albert Einstein alieleza kwamba hata uzito wa jua huipinda nuru. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilipita Brazil, kikavuka Atlantiki hadi kisiwa cha Príncipe, kikaikata Kongo, kikafika kusini mwa nchi yetu. Arthur Eddington akiwa Príncipe, na wenzake wakiwa Sobral, Brazil, walipiga picha nyota zilizokuwa kandokando ya jua, majirani wa Rohini, si mbali na Kilimia. Zilionekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake, karibu na kadiri aliyoitabiri Einstein.

Mwaka 1936 Einstein mwenyewe aliandika kwamba nyota yaweza kuwa lenzi ya nyota nyingine, akaongeza kuwa hakuna tumaini la kuliona jambo hilo moja kwa moja. Lakini makundi ya galaksi ni mazito kupita kiasi, na lenzi yake ni kubwa. Mwaka 2022 wanafalaki walitangaza kwamba darubini ya Hubble, ikisaidiwa na kundi moja la namna hiyo, imeona nukta ya nuru waliyoiita Earendel. Nuru yake imesafiri miaka bilioni 12.9, na imekuzwa kwa maelfu ya mara. Bado wanajadiliana kama ni nyota moja au ni kundi dogo la nyota. Lakini lililo wazi ni hili: pasingekuwa na kitu kizito katikati, darubini yetu isingeona kitu.

Ndugu zangu, sisi nasi tunaona kwa msaada wa walio katikati. Mimi sikuiona Dhruva. Babu zetu waliiona, wakatupokeza nuru yake kwa maneno na kwa mwenendo, na uzito wa maisha yao ndiyo lenzi yetu. Hivyo mimi na mke wangu hatukukosea kutazama kaskazini. Tulikosea kusema tumeona.

Nina maombi mawili. Kwanza, tuwaambie maarusi wetu ukweli: nyota ipo, hamwioni kutoka hapa, waliowatangulia waliiona. Nao waitikie, “Tunaiamini.” Pili, usiku usio na mawingu tuufungue ua wa hekalu hili, tuweke darubini, tuwaalike watoto wa shule za Musoma, Bunda na Butiama, wa dini zote, wazitazame Rohini na Kilimia kwa macho yao wenyewe. Wazee wakae karibu nao, wawasimulie. Siku moja watoto hao nao watakuwa katikati.