Pombe, nyumba na baraza: maneno kwa familia zilizohama na viongozi wao



Nimeombwa kusema juu ya pombe. Sikuja kumhukumu mtu. Sisi watu wa mashariki ya Kongo tunajua kwamba pombe ina nafasi katika mila zetu. Kasiksi ya ndizi ilinywewa kwenye mahari, kwenye mavuno na kwenye matanga. Lakini ilikuwa na siku yake, na mzee aliyegawa alijua nani ametosha.

Vita vilivunja utaratibu huo. Tangu mwaka 1996 watu wamekimbia mara nyingi, mashamba yamebaki nyuma na wazee wametawanyika. Mwanaume aliyezoea kulima tangu alfajiri anashinda bila kazi. Usiku anakumbuka aliyoyaona, hapati usingizi. Anatafuta lutuku au kanyanga ili alale. Akiamka, huzuni iko palepale na franga zimekwisha.

Tujue pia tunakunywa nini. Bia ya chupa ina kilevi cha asilimia 5 hivi. Pombe kali inayopikwa kwenye pipa na kukusanywa kwa mvuke inaweza kupita asilimia 40, na hakuna anayeipima. Ikichanganywa na spiriti ya viwandani, yaani methanoli, inapofusha macho na kuua. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani (OMS), pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019.

Lakini shida yetu haiishii kwenye mwili wa mnywaji. Muhogo na mahindi yanayotiwa kwenye pipa ni chakula kilichotoka kwenye sahani ya mtoto. Minervali inakosekana. Mama anapigwa, watoto wanalala kwa jirani. Mwanamke mwenye mimba akinywa, mtoto aliye tumboni anakunywa naye, na anaweza kuzaliwa na kasoro isiyopona. Na kijana aliyelewa ni rahisi kumwita kwenye kundi la silaha, au kumtuma apige nyumba ya watu wa kabila lingine. Matusi yaliyosemwa kwenye kilabu saa mbili za usiku yanaweza kuwa ugomvi wa koo mbili asubuhi. Ndiyo maana wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Sasa naomba wakubwa wanivumilie. Mahali pengi, mtu akikosa, faini yake ni kasha la bia au dumu la pombe, na waamuzi wanalinywa siku hiyohiyo. Je, mama aliyekuja kushtaki mume mlevi atasikilizwa namna gani na baraza lenye kikombe mkononi? Na maskini asiyeweza kununua kasha atapata haki wapi? Baraza linalopatanisha watu kwa pombe linapanda mbegu ya kesi ijayo.

Tusimwangukie pia mama anayepika lutuku. Wengi wao ni wajane, na pipa lile ndilo linalolisha watoto. Tukilivunja bila kumpa njia nyingine, atapika usiku kwa kujificha. Tumsaidie kwanza: shamba la kukodi, kikundi cha akiba, mtaji mdogo wa kuuza chumvi, mafuta au samaki.

Basi napendekeza mambo manne:

1. Faini ya baraza ilipwe kwa kitu kinachojenga: mbuzi, mabati ya shule, au siku za kazi kwenye barabara na chemchemi.

2. Kijiji au kambi ipatane saa za kufunga vilabu, na watoto wasiuziwe wala wasitumwe kununua. Kina mama wawepo wakati wa kupatana.

3. Watu waliojeruhiwa moyoni na vita wapewe mahali pa kusema: kanisani, msikitini, au katika kikundi cha kusikilizana. Mtu aliyesikilizwa hana haja kubwa ya kujificha ndani ya kikombe.

4. Anayetaka kuacha asichekwe. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake, maana anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Ndugu zake wampeleke kwenye kituo cha afya, apunguziwe chini ya ulinzi wa muuguzi.

Ndugu zangu, wengi wetu hatuna uwezo wa kusimamisha vita vya wenye bunduki. Lakini faini ya baraza letu tunaipanga sisi wenyewe, na saa ya kufunga kilabu tunaiweka sisi wenyewe. Kesi ya kwanza itakayoletwa wiki hii, tuiamue bila chupa mezani.