Tusome Maneno, Tutazame na Picha
(Mazungumzo na wanakisomo wa Usagara, Misungwi)



Kusoma tumejua. Sasa tujifunze kuuliza. Je, kila neno lililoandikwa chini ya picha ni kweli?

Mwaka 2007 shirika la habari la AFP la Ufaransa lilitoa picha ya bibi mmoja wa Baghdad, Iraki. Kashika risasi mbili. Chini iliandikwa kuwa anasema zimepiga nyumba yake. Lakini tukitazama, risasi bado zimo ndani ya maganda. Risasi ikipigwa, kichwa huruka, ganda hubaki nyuma. Basi hizo hazijapigwa bado!

Kosa la namna hii laweza kuua. Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Makombora yakaruka hadi majumbani, mengine hayakulipuka. Sasa gazeti likiliita kombora zima “ganda tupu”, mtoto akaona kama hilo njiani, si ataliokota?

Haya, ndugu. Tukikuta chuma tusichokijua, shambani au ziwani, tusikiguse, hata gazeti likisema ni ganda. Tuwaondoe watoto, tumwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Jicho moja kwenye maneno, la pili kwenye picha.