Tusiulegeze Utaratibu wa Darasa Muhula wa Pili



Mwezi wa Januari sisi sote huwa wakali wa utaratibu. Watoto hupanga mstari mlangoni, kiranja hugawa madaftari, na anayetaka kusema huinua mkono. Lakini likizo ya Aprili ikiisha mambo hulegea. Kengele inalia, nasi bado tuko ofisini tunamalizia chai. Halafu tunalalamika ati watoto wameharibika. Je, ni wao walioacha desturi, ama ni sisi?

Hebu tupige hesabu. Gredi ya 1 hadi ya 3, kipindi kimoja ni dakika 30. Tukipoteza dakika 5 mwanzoni mwa kila kipindi, katika vipindi 6 tumepoteza dakika 30. Hicho ni kipindi kizima kwa siku, na kwa wiki ni vipindi 5. Anayeumia zaidi ni yule mtoto aliye mzito wa kuelewa, maana mwenzake mwepesi ataokota hapa na pale.

Mnakumbuka mwaka wa 2024. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, lakini kwa sababu ya mafuriko shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Wengine wetu tuliingia darasani mbio mbio, tukitaka kufidia siku zilizopotea. Tulikosea. Wako watoto waliorudi bila vitabu, na wengine hata nyumba hawakuwa nayo. Mtoto kama huyo alihitaji kukuta kitu ambacho maji hayakukibeba: mahali pake pa kuketi, zamu yake ya kufuta ubao, salamu ile ile ya asubuhi.

Basi tufanye hivi. Juma la kwanza la muhula tufundishe utaratibu upya, kama vile ni Januari. Tuwaonyeshe, wajaribu, tuwasahihishe kwa upole. Tuchague mambo machache, matatu au manne hivi, tuyafuate kila siku, hata Ijumaa alasiri tukiwa tumechoka. Akija mwalimu mgeni, aelezwe yale yale. Nanyi wazazi, msimtume mtoto dukani asubuhi halafu afike shuleni wenzake wameshaanza.

Jumatatu kengele ikilia, watoto watukute tayari mlangoni.