Bangi ya Tiba na Dawa za Jamii ya Afyuni katika Kutibu Maumivu Sugu ya Neva

Maumivu ya neva hutokana na jeraha au ugonjwa ulioushika mfumo wenyewe wa fahamu, yaani neva, uti wa mgongo au ubongo, na hapo ndipo yanapotofautiana na maumivu ya kidonda au ya mfupa uliovunjika, ambayo neva nzima huyabeba kama taarifa tu ya madhara yaliyotokea mahali pengine. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake huwaka moto usiku, mzee aliyepona mkanda wa jeshi lakini ngozi ya ubavu wake haivumilii hata kuguswa na shuka, na mtu anayeishi na VVU ambaye miguu yake ilianza kufa ganzi alipokuwa akitumia dawa ya VVU iitwayo stavudini, wote hao wana neva zinazopeleka ishara za maumivu hata pale pasipo kidonda cha kuziamsha. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu, na kwa kuwa aina hii husikia kidogo sana parasetamoli na diklofenaki, mgonjwa huanza kutafuta dawa kali zaidi.

Dawa za jamii ya afyuni, zikiwemo tramadoli, mofini, oksikodoni na fentanili, hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi, ambavyo ni protini za juu ya seli zinazopokea ujumbe wa kikemikali. Neva iliyoharibika hupoteza sehemu ya vipokezi hivyo, na ndiyo maana dozi inayomtuliza mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji huenda isimtoshe mwenye maumivu ya neva. Tena, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi zaidi kuumia, hali inayomdanganya daktari aongeze dozi wakati dawa yenyewe imekuwa sehemu ya tatizo. Kwa sababu hizo, pamoja na hatari ya uraibu, mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na kundi la wataalamu wa maumivu ya neva katika Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu uliweka mbele amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini, ukaipa tramadoli nafasi ya pili, na mofini na wenzake nafasi ya tatu.

Nafasi ya tatu haina maana ya kutupwa. Katika jaribio la Ian Gilron na wenzake nchini Kanada, lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa wa maumivu ya neva yaliyotokana na kisukari au mkanda wa jeshi walianza na wastani wa alama 5.72 katika kipimo cha 0 hadi 10. Walipotumia gabapentini peke yake wastani ulikuwa 4.15, mofini peke yake 3.70, na dawa hizo mbili kwa pamoja 3.06, ilhali dozi zilizovumilika katika mchanganyiko zilikuwa ndogo kuliko za kila dawa ikitumika peke yake. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba gabapentini na mofini zote hulegeza upumuaji, hivyo mchanganyiko huo unahitaji uangalizi, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya mapafu au figo.

Bangi hupita njia nyingine. Kiambato chake kikuu cha kulevya, tetrahidrokanabinoli, hushika vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya kemikali zake wenyewe zinazofanana nacho, na kwa kuwa vipokezi hivyo ni vichache katika sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji, bangi peke yake haizimi pumzi kama ifanyavyo mofini inapozidi. Mwaka 2007, Donald Abrams na wenzake huko San Francisco walionyesha kuwa kati ya wagonjwa wenye maumivu ya neva yatokanayo na VVU, asilimia 52 ya waliovuta bangi walipata nafuu ya zaidi ya asilimia 30, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliovuta sigara za bangi iliyoondolewa kiambato hicho. Matokeo hayo ni ya kutia moyo, lakini jaribio lilihusu watu wapatao 50 kwa siku chache tu, nalo gonjwa hili huishi na mtu kwa miaka. Mwongozo wa 2015 haukupendekeza dawa za bangi, na mwaka 2021 chama hichohicho kilitamka kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuidhinisha matumizi yake ya jumla kwa maumivu.

Dai linalovuma zaidi, na linalostahili kupimwa kwa makini kuliko yote, ni kwamba bangi inaweza kuchukua nafasi ya dawa za afyuni na hivyo kuokoa maisha. Lilipata nguvu mwaka 2014, pale uchambuzi wa takwimu za Marekani za 1999 hadi 2010 ulipoonyesha kuwa majimbo yaliyoruhusu bangi ya tiba yalikuwa na vifo vya kuzidisha dozi za afyuni pungufu kwa takriban asilimia 25. Watafiti wengine walipoendeleza hesabu ileile hadi 2017, picha iligeuka: majimbo hayo sasa yalikuwa na vifo vingi zaidi kwa takriban asilimia 23. Haifuati kwamba bangi iliua watu, kwa kuwa katika miaka hiyo fentanili haramu ilikuwa imeenea. Kinachofuata ni kwamba takwimu za jimbo zima haziwezi kueleza kilichompata mgonjwa mmoja mmoja. Utafiti wa Australia, uliowafuatilia kwa miaka minne watu 1,514 waliokuwa wakitumia dawa za afyuni kwa maumivu sugu yasiyo ya saratani, haukupata ushahidi kwamba bangi ilipunguza matumizi ya dawa hizo. Mgonjwa anayeacha mofini ghafla kwa kutegemea bangi hujiweka katika mateso ya kukatishwa dawa, na dozi inatakiwa ishushwe polepole.

Kwa Afrika Mashariki, mjadala huu hauna budi kuanzia mahali pengine. Wakati Amerika Kaskazini inahangaika na dawa za afyuni zilizozidi, wagonjwa wengi wa huku hawapati mofini hata siku za mwisho za saratani. Uganda imeonyesha kuwa inawezekana: tangu Dkt. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji imetengenezwa humo nchini kutokana na unga, hutolewa bila malipo, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Amitriptilini nayo ni dawa ya bei nafuu, na kuikosa katika zahanati ni kasoro kubwa kuliko kukosa bangi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inakataza bangi, lakini wapo wagonjwa wanaoivuta ili wapate usingizi, nao huficha kwa kuogopa polisi. Mhudumu wa afya anapaswa kuuliza faraghani na bila kutisha, kwa kuwa bangi ya mtaani haina kipimo kinachojulikana, huongeza usingizi wa mofini na amitriptilini, huyumbisha mapigo ya moyo, na kwa mwenye historia ya ugonjwa wa akili katika familia inaweza kuamsha saikosisi.