Betri ni Ghala, Si Shamba



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya umeme wa gari. Twaanza na jambo tunaloliona mara kwa mara katika miji yetu, tangu Embu na Runyenjes hata Chuka, Nkubu na Maua. Gari likikataa kuwaka asubuhi, mwenyewe hukimbilia kununua betri mpya. Baada ya siku chache ile mpya nayo huishiwa nguvu, naye humlaumu muuzaji. Fedha zimekwenda, na ugonjwa ungalipo.

Yafaa tujue ya kwamba betri ni ghala tu. Ile ya kawaida ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 hivi, jumla yake 12. Ndani mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Ufunguo ukizungushwa, stata huvuta ampea 100 na zaidi kwa sekunde chache. Baada ya hapo kazi kubwa ya betri imekwisha, nayo hungoja kujazwa tena. (Wale waliokuwa wakiwasha televisheni kwa betri ya gari wakumbuke kwamba haikuundwa kukamuliwa hata tone la mwisho, ndiyo sababu zilikufa upesi.)

Shamba lenyewe ni altaneta. Injini huvuta mkanda, mkanda huzungusha sumaku ya umeme katikati ya nyuzi za shaba, na katika nyuzi hizo umeme huzaliwa. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, lakini hatuna haja ya kwenda mbali kuiona. Mitambo ya Kindaruma, iliyoanza kazi mwaka 1968, hufuata kanuni ile ile. Tofauti ni ukubwa, na kwamba pale kizungushacho ni maji ya Tana. Umeme wa altaneta hugeuka mwelekeo kila mara, kwa hiyo vifaa vidogo viitwavyo daiodi huupitisha upande mmoja tu. Kisha kidhibiti huushika karibu na volti 14, juu kidogo ya betri, kwa maana mfereji hauwezi kulinywesha shamba lililo juu yake.

Sasa fikirini gari lililobeba mgonjwa usiku, kutoka Chuka kwenda hospitali ya Chogoria, likiteremkia daraja la Nithi. Altaneta imekufa njiani. Taa zingali zawaka, kwa kuwa ghala lina akiba. Muda si mrefu zitafifia, na injini ya petroli itazima kwa kukosa cheche. Mteremko ule, ambao mwaka 2022 uliua watu zaidi ya 30 waliokuwa ndani ya basi moja, ingawa kwa sababu nyingine, si mahali pa kubaki gizani. Na dalili ilikuwapo: taa nyekundu yenye picha ya betri mbele ya dereva. Wengi hudhani yasema betri ni mbovu, kumbe yasema betri hailishwi.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, tazameni kwanza mkanda kama umelegea, na vichwa vya betri kama vimeshika ukungu mweupe, kisha altaneta yenyewe. Msikubali mtu ang'oe kichwa cha betri injini ikiwaka ati anapima. Volti huruka ghafula na kuunguza vifaa. Fundi ye yote mwenye mita aweza kuwaonyesha haya kwa dakika tano, kabla fedha hazijatoka mfukoni.